Simu inaita, mtu hapokei: fenomenolojia na udhanaishi katika kuisoma tabia ya binadamu

Februari 1913 mwanasaikolojia wa Kimarekani John B. Watson alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, uliogeuza mwelekeo wa fani yake kwa miongo kadhaa. Hoja yake ilikuwa fupi. Acheni kuwauliza watu wanahisi nini, acheni habari za nafsi na fahamu, pimeni kinachoonekana. Kichocheo kinaingia, mwitikio unatoka, na kazi ya mwanasayansi ni kuutabiri mwitikio huo na kuudhibiti.

Mwaka huohuo huko Ujerumani vilitoka vitabu viwili vilivyokwenda njia nyingine kabisa. Kimoja kiliandikwa na Edmund Husserl, profesa wa falsafa wa Göttingen aliyeanzia kwenye hisabati, na ndani yake alifafanua taaluma aliyoiita fenomenolojia: uchunguzi wa mambo jinsi yanavyojitokeza kwa yule yanayemtokea. Cha pili kiliandikwa na Karl Jaspers, daktari wa miaka thelathini katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Heidelberg. Jaspers alitaka daktari, kabla hajaanza kusaka chanzo cha ugonjwa, ajifunze kueleza kwa usahihi mgonjwa anapitia nini.

Fenomenolojia na udhanaishi hutajwa kwa pumzi moja, na wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiswahili huvisoma kama kitu kimoja chenye majina mawili. Kuna udugu, lakini ni vitu viwili. Fenomenolojia ni namna ya kuchunguza. Udhanaishi ni madai kuhusu binadamu ni kiumbe wa aina gani: kwamba anajikuta yupo kwanza, kisha anajitengeneza kwa matendo yake. Unaweza kuikubali ya kwanza ukaujadili wa pili kipengele kwa kipengele, na nisifiche: huko ndiko nilikoegemea.

Tuanze na tendo dogo. Mwanamume amekaa sebuleni jioni, simu inaita. Anaitazama, hapokei. Inakatika, inaita tena, anaigeuza kifudifudi juu ya meza. Ukiwa umeketi pembeni na daftari unaweza kuandika saa, idadi ya miito na mwendo wa mkono wake. Ukimvisha kifaa utapata na mapigo ya moyo. Bado hutakuwa umejua alichofanya. Huenda ni kampuni ya mikopo ya simu inayomdai. Huenda ni kaka yake waliyekosana msibani. Huenda ni mpenzi wa zamani, na mke yuko jikoni. Mkono ni uleule na mwendo ni uleule, lakini matendo ni matatu.

Tuseme ni deni. Basi kwa mtu huyu mlio wa simu haulingani na mlio wa jana. Umekuwa mkali, unaijaza sebule. Mkewe akiuliza "Mbona hupokei?", swali la kawaida linatua kama la hakimu. Tarehe tano ijayo, ambayo wiki iliyopita ilikuwa tarehe tu, sasa inamkaribia. Ukimwambia haya yote yamo kichwani mwake, umekosea mahali fulani, kwa sababu kwake yeye hayapo kichwani. Yapo sebuleni. Chumba chenyewe ndicho kilichobadilika.

Fenomenolojia inaanzia hapo.

Nidhamu ya Husserl

Husserl alizaliwa mwaka 1859 katika mji wa Prossnitz, Moravia, sehemu ambayo leo iko Ucheki. Alipata shahada ya udaktari ya hisabati Vienna mwaka 1883, kisha akavutwa na mihadhara ya Franz Brentano, mwalimu aliyesisitiza kwamba fahamu daima ni fahamu ya kitu fulani. Anayependa anapenda kitu, anayekumbuka anakumbuka kitu, anayeogopa anaogopa kitu. Fahamu haikai ndani ya mtu ikisubiri picha za nje zipenyezwe. Tangu mwanzo imeelekea nje, imeshika jambo.

Husserl aliongeza kwamba jambo hilo halitufikii lote kwa mara moja. Ukisimama mbele ya nyumba, macho yanapata ukuta wa mbele tu, lakini wewe unaona nyumba. Upande wa nyuma, vyumba, hata uani, vimo tayari katika kuona kwako kama mambo yanayotarajiwa. Ukizunguka ukakuta hakuna kitu, ni ubao uliosimamishwa kwa ajili ya filamu, utashtuka. Mshtuko huo ni ushahidi kwamba ulikuwa unatarajia, ingawa hukuwahi kujisemea chochote. Maisha yetu yamejaa matarajio ya namna hii yasiyotamkwa, na sehemu kubwa ya tunachokiita tabia inatoka humo.

Ili kuyaona, Husserl alipendekeza zoezi gumu: kusimamisha hukumu. Unaliweka kando kwa muda swali la kama jambo lipo kweli, ili uangalie linavyojitokeza. Mfano wake mzuri kwetu si nyumba. Ni mgonjwa anayekuja kituo cha afya akisema amerogwa. Mhudumu mmoja atamkatiza: uchawi haupo, hebu tupime presha. Mganga wa mtaani naye atamkatiza kwa upande mwingine: ni jirani yako, yule wa nyumba ya tatu. Wote wawili wameruka jambo moja. Hakuna aliyeuliza kurogwa kukoje. Chakula kimekuwa na ladha gani? Majirani wakicheka barazani, kicheko kinamfikiaje? Usiku unaanza saa ngapi kuwa usiku? Mwili wake bado anausikia kuwa wake? Anayeuliza hivyo hajakubali uchawi wala hajaukana. Amesimamisha hukumu, na mara nyingi anayoyapata hapo yanaonyesha unyogovu, au hofu, au mgogoro wa mirathi, mapema kuliko njia ya yeyote kati ya wale wawili.

Uchambuzi wa Husserl ulio mzuri kuliko wote, kwa maoni yangu, unahusu wakati. Sikiliza taarabu. Kwa hesabu za saa ya ukutani, kila sauti ya fidla inakuwapo kisha inatoweka, na kila sekunde kuna sauti hiyo moja tu. Kama fahamu ingekuwa hivyo tusingesikia wimbo, tungesikia milio. Tunasikia wimbo kwa sababu sauti iliyopita bado imeshikwa, haijaachiwa, na inayokuja imeshaanza kutarajiwa. Hata kabla ya kukumbuka kwa makusudi na kupanga kwa makusudi, sasa yetu ina upana. Madaktari wa akili wa baadaye waliutumia uchambuzi huu kueleza kwa nini mtu mwenye unyogovu mkali husema siku haziendi. Kwake upande wa mbele wa ile sasa umezibika, hakuna kinachomjia. Kumwambia "kesho kutakucha" ni kumpa kitu ambacho hali yake imekwisha kukiondoa.

Kuna kosa la kuliepuka hapa. Wengi hudhani fenomenolojia ni kila mtu kusimulia hisia zake, na kwamba kila mtu ana ukweli wake. Husserl angekasirika. Alikuwa akitafuta muundo: ni nini lazima kiwepo ili jambo hili liwe aibu na lisiwe hofu, liwe kumbukumbu na lisiwe ndoto. Simulizi ya mtu mmoja ni malighafi tu.

Nyundo, watu, na fimbo ya kipofu

Mwanafunzi na msaidizi wake, Martin Heidegger, aliona mwalimu amebaki mno kwenye kutazama. Katika kitabu chake cha 1927 alitoa mfano wa fundi na nyundo. Fundi anayepigilia misumari haioni nyundo. Anaona msumari, anaona kiti kinachotengenezwa, anawaza mteja wa Jumamosi. Nyundo inajitokeza kama kitu, chenye uzito na mpini, pale tu inapolegea. Kwa hiyo namna yetu ya kwanza ya kuujua ulimwengu ni kuutumia, tukiwa katikati ya shughuli tunazozijali. Kuukodolea macho kunakuja baadaye.

Heidegger pia aliandika kuhusu nguvu isiyo na uso inayotuongoza, ambayo kwetu ina jina la kila siku: watu. Watu watasema nini. Watu hawafanyi hivyo. Ukimtafuta huyo "watu" humpati, kila unayemuuliza anakuelekeza kwa mwingine, lakini ndiye anayechagua ukubwa wa shughuli ya harusi yako na rangi ya sare za msibani. Ninapenda sehemu hii ya kazi yake kwa sababu haimlaumu mtu. Sote tunaanzia ndani ya "watu". Swali ni iwapo kuna siku mtu huyachukua maisha yake kuwa yake, na Heidegger aliona kwamba jambo linaloweza kumsukuma huko ni kifo, kwa kuwa hicho hakuna wa kukupokea zamu.

Haiwezekani kumtaja na kulipita jambo hili. Aprili 1933 Heidegger alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, na mwezi uliofuata akajiunga na chama cha Wanazi. Husserl, aliyezaliwa Myahudi, alisimamishwa mwaka huo kwa sheria za ubaguzi. Toleo la 1941 la kitabu cha Heidegger lilitoka bila ukurasa wa kumtabarukia mwalimu wake. Husserl alifariki mwaka 1938, na kurasa zake zipatazo 40,000, zilizoandikwa kwa hati mkato, ziliokolewa na padre Mfransisko wa Ubelgiji, Herman Van Breda, aliyezihamishia Leuven. Heidegger, aliyechambua vizuri hivyo jinsi umati unavyommeza mtu mmoja, alimezwa na umati mbaya kuliko wote wa zama zake. Sioni kama hilo linabatilisha uchambuzi. Linaonyesha tu kwamba kuchambua hakumkingi anayechambua.

Maurice Merleau-Ponty, Mfaransa, ndiye aliyeupeleka uchunguzi huu mwilini. Katika kitabu chake cha 1945 kipofu anatembea na fimbo. Mwanzoni fimbo ni kitu anachokishika, baadaye inakuwa sehemu ya kugusa kwake, na anausikia ukingo wa barabara pale ncha ya fimbo ilipo. Tazama konda wa daladala aliyening'inia mlangoni, gari linapita kati ya malori mawili. Hapigi hesabu za sentimita. Upana wa gari umekuwa upana wake. Mwili unajua mambo ambayo mwenyewe hawezi kuyasema, na ndiyo maana mtu aliyekatwa mguu bado anausikia mguu usiokuwapo ukiwasha. Merleau-Ponty alieleza kwamba mwili wake bado umeelekea kwenye ulimwengu wa ngazi na baiskeli, na ulimwengu huo bado unamwita. Tangu hapo saikolojia ya neva imeongeza mengi kuhusu ramani za mwili kwenye ubongo. Maelezo hayo mawili hayagombani, kwa kuwa yanajibu maswali tofauti.

Kutoka kueleza hadi kudai

Udhanaishi una babu wa zamani zaidi, Søren Kierkegaard wa Copenhagen, aliyefariki mwaka 1855, kabla Husserl hajazaliwa. Mwaka 1844 aliandika kuhusu wahaka, ambao unaonekana kuivunja kanuni ya Brentano. Hofu ina kitu chake: nyoka, mdai, matokeo ya kipimo. Wahaka hauna. Ukimuuliza aliyeshikwa nao anaogopa nini, atajibu "sijui, hakuna kitu". Kierkegaard aliufananisha na kizunguzungu cha anayechungulia shimo: kinachomtetemesha ni kwamba hakuna kinachomzuia kujirusha. Wahaka ni namna uhuru unavyojitokeza kwa mwenye nao.

Karne moja baadaye uzi huo ulikutana na ule wa Husserl mjini Paris. Simone de Beauvoir, mwandishi na mwanafalsafa wa Kifaransa, mwenzi wa mwanafalsafa Jean-Paul Sartre, alisimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1930 rafiki yao Raymond Aron, aliyekuwa amerudi kutoka Berlin, aliwaonyesha kinywaji cha aprikoti kilichokuwa mezani, akamwambia Sartre kwamba ukiwa mwanafenomenolojia unaweza kukizungumzia kinywaji hiki na ikawa falsafa. Sartre alibadilika rangi kwa msisimko. Mwaka 1933 akaenda Berlin kusoma.

Sartre alikuwa na jicho la mtunzi wa riwaya, na mifano yake ndiyo iliyobaki. Mtu anachungulia tundu la ufunguo, amezama katika anachokiona, hana habari na nafsi yake. Ghafla anasikia hatua nyuma yake. Papo hapo anakuwa kitu: mpelelezi, mwenye wivu, mtu aliyeinama vibaya mlangoni. Aibu haikuwepo sekunde moja kabla, na isingekuwepo bila jicho la mwingine. Kwa uchambuzi huo, ukimtaka mtu aone haya peke yake chumbani, unamtaka awe amekwisha kumbeba mwingine ndani yake.

Mfano mwingine ni wa mhudumu wa mkahawa. Anatembea haraka kidogo kuliko inavyohitajika, anainama kwa adabu iliyozidi, anaicheza nafasi ya mhudumu kana kwamba amezaliwa hivyo, kama jiwe lilivyo jiwe. Sartre aliita hali hii kujihadaa: kujifanya kwamba hatuna uchaguzi. "Ndivyo nilivyo." "Mimi hasira zangu ziko karibu, baba naye alikuwa hivyo." Mwanamume wetu wa simu naye anaweza kusema "mimi siwezi mambo ya kudaiwa", kana kwamba anasoma maelezo ya kiwandani nyuma ya jokofu.

Oktoba 29, 1945, Paris ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye kukaliwa na Wajerumani, Sartre alihutubia ukumbi uliofurika na kuueleza udhanaishi kwa kauli moja: kuwepo kunatangulia kuwa nini. Kisu kimefikiriwa na fundi kabla hakijatengenezwa, kazi yake inajulikana. Binadamu anajikuta yupo kwanza, kisha anajitengeneza kwa matendo. Alisimulia habari za kijana aliyemwendea wakati wa vita. Kaka yake aliuawa mwaka 1940. Mama amebaki na yeye tu. Kijana anataka kwenda Uingereza kujiunga na jeshi la Wafaransa Huru, waliokuwa wakiendelea kupigana na Wajerumani. Akienda, mama ataangamia. Akibaki, atakuwa ameikimbia vita. Hakuna amri ya dini wala kanuni ya wanafalsafa iliyokata shauri hilo, na Sartre alimjibu: uko huru, chagua. Hata kwenda kuomba ushauri, alisema, ni kuchagua, kwa kuwa unayemwendea unajua tangu nyumbani ataelekea kusema nini. Hapo amesema kweli tupu. Anayetaka kuambiwa aache kazi hamwendei mjomba aliyekaa serikalini miaka thelathini.

Uhuru wa nani?

Lakini hapa ndipo Sartre alipozidisha, na walioliona hilo mapema walikuwa watu wake wa karibu. Beauvoir anakumbuka wakibishana mwaka 1940: yeye alisema hali za watu hazilingani, akauliza mwanamke aliyefungiwa kwenye nyumba ya wake wa sultani anaweza kwenda wapi na huo uhuru. Sartre alijibu kwamba hata maisha hayo mtu anaweza kuyaishi kwa namna mbalimbali. Beauvoir alikubali kwa shingo upande. Kitabu chake kikubwa cha 1949 kuhusu wanawake ni jibu refu kwa mjadala ule, na kauli yake kwamba mtu hazaliwi mwanamke, anakuwa, haisemi kwamba anajichagulia peke yake. Anafanywa, kwa sifa, kwa vitisho, kwa nguo, kwa vicheko, tangu utotoni, na uhuru wake unajikuta umekwisha kuwekewa njia. Merleau-Ponty naye alifunga kitabu chake cha 1945 kwa sura inayosema kwamba uhuru usio na uzito wowote wa kuushika si uhuru, kwa sababu tendo lake halibadilishi kitu. Mazoea ya miaka ishirini hayamfungi mtu pingu, lakini yana uzito, na kumwambia anaweza kuyaacha leo kwa kuamua ni kutokuuona mwili wake.

Aliyelimaliza jambo hili, kwangu mimi, ni Frantz Fanon. Alizaliwa Martinique, kisiwa cha Karibi kilichotawaliwa na Wafaransa, mwaka 1925, akapigana upande wa Wafaransa Huru, akasomea udaktari Lyon, na huko akahudhuria mihadhara ya Merleau-Ponty. Katika kitabu chake cha 1952 anaanza kama fenomenolojia inavyotaka: ameketi mezani, sigara ziko kulia, kiberiti kimo kwenye mtoto wa meza, mwili unajua wenyewe jinsi ya kunyoosha mkono na kuegemea nyuma. Kisha mtoto wa Kizungu anamwona na kumwambia mama yake anaogopa, tazama mtu mweusi. Mwili ule uliojua kiberiti kilipo unasambaratika. Mahali pake panakaa mwili uliotungwa na wengine kwa hadithi na masimulizi ya karne nyingi. Mchunguliaji wa Sartre angeweza kusimama wima, akamgeukia aliyemfuma na kumtazama naye. Fanon anaonyesha kwamba majicho mengine hayarudishiki kirahisi, kwa kuwa nyuma yake kuna jeshi, shule na soko.

Mwaka 1953 alikwenda Algeria kuongoza sehemu ya hospitali ya magonjwa ya akili ya Blida-Joinville. Wodi ya wanawake wa Kizungu aliipatia mikutano, gazeti na sherehe, na ikachangamka. Alipofanya yaleyale kwenye wodi ya wanaume Waislamu, mambo yalikwama, walikaa kimya. Mtu wa vipimo peke yake angeandika kwamba hawa hawaitikii tiba, na wakoloni walikuwa na nadharia za kueleza hilo kwa ubongo wa Mwafrika. Fanon na mwenzake Jacques Azoulay walichapisha mwaka 1954 makala wakieleza kosa kuwa lao: walikuwa wamewaletea wagonjwa ulimwengu usiokuwa wao. Wakafungua mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamwalika msimulizi wa hadithi. Wagonjwa wakaanza kushiriki. Nikiulizwa fenomenolojia ina faida gani, huo ndio mfano ninaoutoa.

Inapogota

Jaspers alikuwa ametofautisha mapema aina mbili za kazi: kuelewa, yaani kuona jinsi jambo moja la moyoni linavyozaa jingine, na kubainisha chanzo, kama mwanafizikia. Mtu aliyedhulumiwa akawa na chuki tunamwelewa. Mtu anayesema mawazo yake yanapandikizwa na mashine tunaweza kueleza kwa makini anayopitia, lakini mnyororo wa kuelewa unakatika. Mwaka uleule wa kitabu chake, 1913, watafiti Hideyo Noguchi na J. W. Moore walionyesha New York kwamba vijidudu vya kaswende vimo ndani ya ubongo wa waliokufa kwa kupooza kunakoambatana na wazimu. Wagonjwa wa aina hiyo wengi walijiona wafalme na matajiri. Ungeweza kuueleza ufalme wao kwa kurasa mia, na kila ukurasa ukawa sahihi, bila kugusa kilichokuwa kinawaua. Anayeitumia falsafa hii kumkwepesha mgonjwa maabara anamdhuru.

Upande wa tiba ya maongezi ulizaa zaidi. Viktor Frankl, daktari wa Vienna, alipelekwa kambi ya Wanazi ya Theresienstadt mwaka 1942 na Auschwitz mwaka 1944. Mwaka 1946 alichapisha kumbukumbu zake pamoja na fikra ya tiba inayojengwa juu ya maana. Anasimulia habari za daktari mzee aliyeshindwa kupoa baada ya kufiwa na mkewe. Frankl alimuuliza ingekuwaje kama yeye ndiye angetangulia. Mzee akasema mkewe angeteseka sana. Basi, Frankl akamwambia, mateso hayo umemwondolea wewe, na gharama yake ni kubaki ukimlilia. Mzee akampa mkono, akaondoka. Huzuni haikupungua hata chembe. Namna ilivyokaa ndani ya maisha yake ndiyo iliyobadilika. Wasemaji wa semina za kujiamini wamemgeuza Frankl kuwa ushahidi kwamba mwenye fikra chanya hushinda. Wamesahau kwamba yeye mwenyewe aliandika kuwa waliokuwa bora kuliko wote hawakurudi. Irvin Yalom, Marekani, mwaka 1980 aliyapanga masuala haya katika makundi manne yanayomsumbua mtu chini ya dalili zake: kifo, uhuru, upweke na kukosa maana. Ni mpango unaosaidia, ingawa kwa mtu ambaye kodi ya nyumba imepita miezi mitatu ningeanza na kodi.

Kwa wasomaji wa Kiswahili mlango wa udhanaishi ulikuwa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Riwaya yake Kichwamaji ya mwaka 1974 inamfuata Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, hadi anapojiua, na shuleni husomwa kama tangazo la kwamba maisha hayana maana. Sidhani inatosha. Kazimoto amefundishwa kuhoji kila kitu katika chuo kilicho mbali na kijiji kinachomtarajia kama mkombozi. Anaishi katikati ya macho mawili, la elimu na la ukoo, na hakuna linalomwona. Huyo yuko karibu zaidi na Fanon kuliko na Sartre. Kezilahabi mwenyewe hakuishia kwenye kukata tamaa. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1985, Chuo Kikuu cha Wisconsin, ilimjadili Heidegger na falsafa ya Kiafrika pamoja, na riwaya zake za mwisho zilijaribu kuandika tajiriba ya mtu kabla haijakatwa vipande na nadharia.

Siku hizi neno fenomenolojia limejaa kwenye tasnifu za uuguzi, elimu na ustawi wa jamii. Mara nyingi maana yake imekuwa "niliwahoji watu wachache". Amedeo Giorgi, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Duquesne, Pittsburgh, alijenga tangu miaka ya 1970 utaratibu wenye masharti: unasoma mahojiano yote mpaka mwisho kabla hujagusa chochote, unayagawa pale maana inapogeuka, kila kipande unakieleza upya kwa lugha inayofichua kilichomo, kisha unatafuta muundo unaobaki hata ukibadilisha mhusika. Kazi huanza na swali lenyewe. Ukimuuliza mama kwa nini hakurudi kliniki, atakupa sababu: nauli, mvua, shughuli. Kwa nini ni swali la kujitetea, na yeye anajitetea. Mwombe akusimulie asubuhi ile, tangu alipoamka, alichovaa, nani alikuwa nyumbani, alipofika getini aliona nini. Huenda ukafika kwenye benchi, na muuguzi anayesoma majina ya wagonjwa kwa sauti pamoja na wanachoumwa, na jirani wa mtaa mmoja aliyeketi nafasi mbili pembeni. Nauli alikuwa nayo.